Meseji 10 za Kuomba Bei Ipungue, Kuanzia ya Kublokiwa Hadi ya Kubeba Friji

Sokoni ukitaja bei ya kichekesho, muuzaji anacheka na wewe, mnataniana, mwisho mnaelewana. Mtandaoni muuzaji hachekeani na mtu. Anakuacha na tiki mbili za bluu, anaendelea kula ubwabwa wake.

Na soko limehamia huko kweli. Facebook ilifungua Marketplace yake Oktoba 2016. Jiji, iliyoanzia Nigeria, iliinunua OLX katika nchi tano za Afrika mwaka 2019, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Halafu kuna lile kundi la WhatsApp la mtaa wenu, lililoanzishwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi na sasa linauza sofa.

Tumezipanga hapa meseji 10 za kuomba bei ipungue, kuanzia isiyofaa kabisa hadi inayoondoka na mzigo. Ili tusipotezane njiani, mfano wetu ni mmoja: friji ya milango miwili, imetumika, ipo Tabata, bei iliyoandikwa ni shilingi 650,000, "maongezi yapo". Mwenye friji ni mama mtu mzima, mpole, ila uvumilivu wake una mipaka. Twende.

10. "Bado ipo?"

Meseji hii hata mwandishi haina. Facebook yenyewe imekuandikia, wewe umebonyeza tu. Mama anajibu "Ipo". Kimya. Saa mbili baadaye anauliza, "Unaihitaji?" Kimya. Mtu umeiulizia friji kama unayemjulia hali mgonjwa: ukishasikia ipo, roho inatulia, unaendelea na safari zako.

Tatizo si swali, tatizo ni kuliacha peke yake. Muuzaji akishajibu "ipo" kwa watu kumi waliopotea, wa kumi na moja anajibiwa kwa uchovu, na mtu aliyechoka hapunguzi bei. Ukitaka kuuliza, uliza na jambo juu yake: "Habari za leo mama. Friji ya Tabata kama bado ipo, naomba kuja kuiona kesho jioni."

*Jibu la muuzaji: "Ipo." (Na hapo ndipo mapenzi yenu yanapoishia.)*

9. "Bei ya mwisho?"

Hakuna salamu, hakuna jina la kitu. Mama ana friji, kabati, na baiskeli ya mtoto kwenye ukurasa ule ule, na hajui bei ya mwisho ya nini. Huenda hata wewe hujui.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Unamwomba mwenzako ajadiliane na nafsi yake kwa niaba yako. Atafanya hivyo, ila kwa upole: "Mwisho 620." Wote wawili mnajua kwamba bei ya mwisho ina wadogo zake. Nyuma ya 620 kuna 600 imejificha, na nyuma ya 600 kuna 580 imeshika mlango. Lakini ukishamlazimisha atamke neno "mwisho", umemfunga. Akishuka tena ataonekana alikuwa anadanganya, na mama mtu mzima hataki kuonekana mwongo na mtu mwenye picha ya mchezaji mpira kwenye wasifu wake. Kwa hiyo hashuki. Umeomba bei ya mwisho, umepewa bei ya kwanza yenye cheo.

*Jibu la muuzaji: "Kwani wewe una ngapi?" (Swali zuri. Hukuwa nalo jibu.)*

8. "Nifikirie mama, mimi ni mwanafunzi"

Hapa mnunuzi anatuma riwaya. Chumba amepanga juzi, boom halijatoka, mjomba aliyeahidi kusaidia hapokei simu, na maziwa ya mtoto yanaharibika. Mtoto wa nani, mwanafunzi? Hadithi haijafika huko.

Huruma ipo, na wauzaji wengi wana moyo. Lakini naye muuzaji ana kwake. Huenda anauza friji kwa sababu ya ada ya Januari, mwezi ambao majirani zetu wa Kenya wameshaupa jina lake, Njaanuari. Ukianza shindano la shida na mtu anayeuza vyombo vya ndani, jiandae kushindwa.

Kama kweli fedha ni ndogo, sema kiasi ulichonacho na lini utaongeza. Hiyo inajibika. "Nifikirie" haijibiki, maana anaweza kukufikiria wiki nzima na bei ikabaki pale pale.

*Jibu la muuzaji: "Pole sana mwanangu. 650."*

7. "Mbona Kariakoo ipo mpya kwa bei hiyo hiyo?"

Mkosoaji ameingia. Rangi imepitwa na wakati, kampuni haijulikani, na mtaa wao kuna jamaa anauza kama hiyo kwa laki tatu na anakuletea mpaka mlangoni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kama hiki ni kibaya, wewe saa sita za usiku unakitafutia nini?

Muuzaji anaposikia mali yake inapondwa, hesabu inahama kichwani na kwenda moyoni. Friji ile imehifadhi maji ya futari na keki ya harusi ya binti yake. Ukiitukana hiyo friji, umeitukana familia. Kuna namna ya kutaja upungufu ikakusaidia, nayo ipo nafasi ya tatu. Kuponda kwa jumla kunakusaidia kitu kimoja tu: kupata maelekezo ya kwenda Kariakoo.

*Jibu la muuzaji: "Nenda Kariakoo."*

6. "Nina laki, nakuja sasa hivi"

Laki moja kwa friji ya 650,000. Aliyeituma anajitetea kwamba kupatana ndiko huko, anza chini. Na kwa Kariakoo, Gikomba au Kongowea ana hoja. Pale mtu anatajiwa viatu elfu arobaini, anasema kumi na tano, muuzaji anashika kichwa, mnunuzi anaanza kuondoka, na kabla hajapita meza ya pili anaitwa: "Njoo kwanza, kaka! Ongeza basi!" Kinachofanya kazi pale ni miguu. Muuzaji anaiona fedha ikitembea kwenda kwa jirani yake.

Mtandaoni huna miguu. Ukiondoka, hakuna anayekuona ukiondoka. Mama hana wa kumwita, na simu yake ina wengine wanane wanaosubiri kujibiwa. Dau la chini sana kule sokoni ni mwanzo wa mchezo, huku ni sababu ya kukuruka. Tena usisahau kwamba sokoni muuzaji ameipandisha bei akijua utaishusha kwa nusu. Mama wa Tabata ameongeza kidogo tu, elfu hamsini au laki, kwa sababu ameangalia friji nyingine tano mtandaoni zinauzwaje. Nawe ungeziangalia hizo tano kwanza, usingesema laki.

Kanuni isiyokuangusha: tafuta bei ya vitu vitatu vinne vinavyofanana, vya mji huo huo, kisha dau lako la kwanza liwe chini ya kiwango hicho kwa kiasi ambacho ungeweza kukitetea mbele ya mkweo.

*Jibu la muuzaji: (Picha yake ya wasifu imetoweka. Umeblokiwa.)*

Mapumziko: na wauzaji nao wasijifanye malaika

Kabla hatujaendelea kuwasema wanunuzi, kuna mtu ameandika "Bei inbox". Ndugu, umepiga picha nane, umeweka namba tatu za simu na vimoto kumi na mbili, ukaishiwa nafasi ya kuandika bei? Mnunuzi anajua maana yake: bei itapangwa baada ya kuangalia picha yangu na gari nililoegemea, ambalo nalo si langu.

Kuna anayeandika "bei haina maongezi", kisha ukikaa kimya siku mbili anakufuata: "Vipi boss, umeahirisha? Tunaongea."

Na kuna winga. Huyu mzigo hana. Ameupiga picha dukani kwa mtu, ameongeza cha juu, anakutajia bei kwa sauti ya mwenye duka. Hakuna ubaya, ni kazi, watu wanasomesha watoto nayo. Ila kupatana na winga kuna sakafu yake: anaweza kupunguza cha juu chake, hawezi kupunguza bei ya tajiri wake. Ukimbana chini ya hapo, hata akitaka hawezi. Utamjua vipi? Mwombe video fupi ya kitu kikiwa kinawaka, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Mwenye mali anaituma baada ya dakika tano. Winga anakuambia "subiri nifike stoo", na stoo ipo mbali sana siku hiyo.

5. "Nina 535,000"

Sasa tumeanza kuingia kwa watu wazima. Hapa kuna namba, na namba yenyewe si ya mviringo. Mwaka 2013 Malia Mason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba anayetaja kiasi chenye vipande vyake huonekana amefanya hesabu, na mwenzake humjibu kwa kusogea karibu zaidi na kiasi hicho kuliko angejibu namba ya mviringo. Laki tano inasikika kama umeikisia ukiwa kwenye daladala. 535,000 inasikika kama umekaa na kalamu.

Lakini usipitilize. Ukiandika 532,750 mama atajiuliza hiyo 750 utailipa kwa pipi. Namba ya vipande inahitaji sababu inayoifuata nyuma: "Nina 550 mama, ila 15 ni ya kirikuu wa kuibeba mpaka Ubungo, ndiyo maana nimefika 535." Hapo namba ina mwili na akili.

Na uzisome namba za muuzaji pia. Wachumi Matthew Backus, Thomas Blake na Steven Tadelis walichunguza mauzo ya eBay, wakakuta kwamba vitu vilivyowekewa bei ya mviringo kabisa hupata madau ya chini zaidi, lakini huyapata mapema na huuzika kwa urahisi zaidi. Anayeandika bei ya mviringo mara nyingi ana haraka ya kuuza. Aliyeandika 647,500 ana muda, ana chai, na ana msimamo.

*Jibu la muuzaji: "Umeijuaje hiyo 35? Haya, ongeza kidogo."*

4. "Basi tukutane katikati"

Ndiyo sentensi ya amani duniani kote. Mwaka 2020 jarida la *Quarterly Journal of Economics* lilichapisha utafiti wa mapatano ya bei kwenye eBay, kutokana na matangazo zaidi ya milioni 25. Theluthi moja ya mapatano yaliisha pale pale kwa makubaliano. Kwa yaliyobaki, jambo lililojitokeza wazi ni kwamba watu wanapenda kutaja, na wanapenda kukubali, bei iliyo katikati ya madau mawili ya mwisho. Nadharia za uchumi zilizokuwepo zilishindwa kueleza kwa nini. Muuza nyanya yeyote angewaeleza: kila mtu anaondoka akiwa hajashindwa.

Sasa angalia ujanja uliomo. Wewe umesema 500, mama amesema 620, katikati ni 560. Ungeanza na 540, katikati ingekuwa 580. Dau lako la kwanza limeshachora mahali mtakapokutana, hata kabla hamjajua kama mtakutana. Pia, baada ya 620 yake, ukiruka ghafla kutoka 500 hadi 560, katikati mpya ni 590. Umemsogezea mama kigoda akae vizuri. Panda kidogo kidogo: 500, kisha 520.

Jambo jingine: usikimbilie kuwa wa kwanza kusema "katikati". Ukisema 560 mapema, mama anaweza kuichukua kama dau lako jipya, kisha akataka katikati ya 560 na 620. Mwache yeye aseme. Ukimya wa dakika kumi kwenye WhatsApp haujamuua mtu.

*Jibu la muuzaji: "Haya, isiwe wewe, isiwe mimi."*

3. "Mpira wa mlango umechoka, fundi anaubadilisha kwa elfu arobaini"

Tofauti ya huyu na yule wa nafasi ya saba ni kwamba huyu ameangalia. Hajasema friji ni mbovu. Amesema sehemu moja ina kasoro, na kuirekebisha kuna bei. Muuzaji hawezi kubishana na mpira wa mlango, maana naye anaujua. Ndiye aliyekuwa akiufunga kwa goti.

Jinsi ya kuukagua: weka karatasi kati ya mlango na friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kubishana, mpira umeisha na baridi inavuja. Omba friji izimwe kabla hujafika, ili uisikie inavyowaka. Kompresa yenye kelele za trekta utaijua hata kama hujasomea ufundi. Ikae ikiwaka nusu saa mkiwa mnazungumza habari za mvua, kisha gusa ndani ya friza. Ukiinunua, isafirishwe ikiwa imesimama, na uiache itulie saa kadhaa kabla ya kuichomeka umeme.

Kwa simu, Tanzania tuna kipimo cha bure kabisa. Bonyeza *#06# upate IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, ujibiwe simu hiyo ni ya aina gani. Muuzaji amesema Samsung, majibu yanasema jina ambalo hata mwenye kiwanda hajawahi kulisikia? Punguzo la bei haliwezi kuiponya simu hiyo. Mfumo huu si mapambo: Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Na simu yenye akaunti ya mtu mwingine ndani yake usiinunue hata kwa nauli, mpaka mwenye akaunti aitoe mbele yako.

Na usidharau kasoro. Kitu cha kwanza kuuzwa kwenye mtandao uliokuja kuitwa eBay, mwaka 1995, kilikuwa kimulimuli cha leza kilichoharibika, kikaenda kwa dola 14.83. Mwanzilishi, Pierre Omidyar, akamwandikia mnunuzi kuhakikisha ameelewa kuwa ni kibovu. Jamaa akajibu kwamba yeye hukusanya vibovu. Kwa hiyo kila kasoro ina mtu wake, muhimu iwe imesemwa na imelipiwa bei yake.

*Jibu la muuzaji: "Eeh, mpira ni kweli. Nakutolea hiyo arobaini."*

2. "Bei sawa, ila usafiri juu yako"

Huyu ni bingwa aliyejificha. Ameona mama amegoma kwenye 580, na hagombani na 580. Anageukia vilivyo pembeni. Je, kirikuu analipa nani? Ile stebilaiza iliyoonekana kwenye picha ya pili inabaki au inakuja? Nikichukua na kabati la vyombo, vyote viwili vinakuwaje? Friji ikizima ndani ya wiki moja, tunaongeaje?

Wauzaji wengi wameshikilia namba kwa heshima, hasa kama wameshawaambia nyumbani "sishuki hapo". Mwache abaki na namba yake, aiseme mezani jioni kwa fahari. Wewe ondoka na stebilaiza.

Hapa ndipo penye vita vya kale vya Afrika Mashariki, vita vya "na ya kutolea". Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, mapatano mengi yamekufa kwenye mita ya mwisho kwa sababu bei imekubalika, mtu ametuma, kisha inaingia meseji: "Hujaweka ya kutolea." Yasemwe mapema. "580 na ya kutolea humo humo" ni sentensi fupi, na imeokoa urafiki mwingi. Ukiwa unaagiza mzigo kutoka mkoani, ongeza mstari mmoja kuhusu basi: nauli ya mzigo ya nani, na nani anaupeleka stendi. Ukiwaachia watu wakisie, kila mmoja atakisia kwamba ni mwenzake.

*Jibu la muuzaji: "Stebilaiza chukua tu, mwanangu. Ila kirikuu siwezi."*

1. "Nina 550,000, nakuja leo saa kumi, ikiwaka naichukua"

Mshindi. Isome tena taratibu. Kuna kiasi, kuna muda, kuna sharti moja linaloeleweka, na hakuna hata neno moja la kuomboleza. Meseji hii inashinda kwa sababu inampa mama kitu anachokikosa kuliko hata ile laki iliyopungua, yaani uhakika. Ameshajibu "ipo" mara zisizohesabika. Ameshasubiri mtu wa Jumamosi ambaye simu yake ilizimwa Ijumaa. Mtu anayekuja leo na fedha kamili ana thamani, na muuzaji yuko tayari kuilipia kwa kushusha bei.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi hivi:

— Shikamoo mama. Naulizia friji ya milango miwili ya Tabata.
— Marahaba. Ipo.
— Nimeona nyingine za aina hiyo zinakwenda kati ya 530 na 600. Yako ni safi, ila mpira wa mlango wa chini naona umeachia. Nina 550 taslimu, nakuja leo saa kumi na kirikuu. Ikiwaka vizuri naondoka nayo.
— 600 mwanangu, ndiyo bei yangu.
— Nimekuelewa mama. Naweza kufika 560, na usafiri ni wangu mwenyewe.
— Weka 570 uje.
— Nakuja.

Hakuna aliyelia, hakuna aliyetukanwa, na hata bando halijaisha. Zote tulizozisema ziko humo ndani: bei za wenzake, kasoro iliyotajwa kwa jina, hatua ndogo ndogo, usafiri. Na "shikamoo", ambayo haina gharama na watu wengi wameisahau nyumbani.

Mambo mawili ya kulinda ushindi huo. La kwanza ni fedha. Isiondoke kabla ya friji kuonekana. Ukiambiwa "tuma nusu kwanza nikushikie, kuna mtu yuko njiani", mwache huyo wa njiani afike. Watanzania tumeshapokea "ile hela tuma kwenye namba hii" za kutosha, hatuna sababu ya kujitafutia nyingine. Namba ya tapeli ipeleke 15040, na walioko Kenya wanaotumia Safaricom wana 333. Kutana mahali penye watu, na kwa kitu kikubwa kama friji nenda na mwenzako, hata kama kazi yake ni kushika upande wa pili.

La pili linakuhusu wewe mwenyewe. Umesema 570, umefika, friji inawaka, kila kitu ni kama kilivyoelezwa. Sasa usianze kukuna kichwa na kusema "mama, nimekuja na 520 tu". Huo ni ujanja wa mjini unaojulikana, wauzaji wanauchukia kuliko "bado ipo?" zote zikijumlishwa, na ndiyo sababu anayekufuata wewe atatajiwa bei ya juu zaidi. Kama umeikuta kasoro ambayo haikusemwa, hiyo ni habari nyingine, itaje na mpatane upya. Kama hakuna, lipa.

*Jibu la muuzaji: "Karibu tena. Kuna na kabati."*

Kwa hiyo leo kabla hujabonyeza "Bado ipo?", tafuta bei tatu za kulinganisha, andika namba yako, andika saa utakayofika. Bei ukiitaja, ilipe. Ukibadili mawazo, sema mapema ili mama asimfukuze mteja mwingine kwa ajili yako. Na ukikataliwa, shukuru na uage vizuri, maana biashara haigombi, na friji isiyouzika wiki hii itauzwa kwa bei ya chini wiki ijayo, kwa yule aliyeaga vizuri.